Ile f = μN iliyoniponza mwaka wa kwanza

Testi ya kwanza ya mekaniksi nilipata 11 kati ya 40. Naanza na hilo mapema usije ukadhani unasoma mawaidha ya kipanga. Mimi sio kipanga, ni dada tu wa mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa fizikia na hesabu, na mwaka wa kwanza hiyo fizikia ilinikalisha chini nikakaa kweli.

Karatasi yenyewe bado ninayo, imekunjwa mara nne iko ndani ya kava la kitabu cha kalkulasi. Swali lililonimaliza ni la pili. Silinda iliyojaa, kilo 3, inaviringika bila kuteleza kwenye mteremko wa nyuzi 30, μ, yani kizidishio cha msuguano, ni 0.4, tafuta akselerasheni, yani mchapuko. Mimi nilivyoiona tu ile μ nikasema asante Mungu hii naijua, f = μN, msuguano ni μ mara N, ile nguvu mteremko unayoisukuma nayo silinda, N ni mg kosaini theta (mg ni uzito, theta ni zile nyuzi 30), nikatoa kwenye mg saini theta, nikagawa kwa m, kalkuleta ikanipa 1.5. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu. Kwa rula! Yani nilikuwa na uhakika kiasi cha kutoa rula kwenye mkoba katikati ya mtihani. Jibu ni 3.27. Dokta, mhadhiri wetu, hakuandika neno, kaweka tu alama ya kuuliza nyekundu pembeni ya f = μN, akaenda zake swali la tatu.

Nikakaa na ile alama ya kuuliza karibu miezi mitano bila kujua inaniuliza nini.

Kwanza nieleze nilitokea wapi maana hapo ndio shida ilipoanzia. Advansi nilisoma PCM, yani fizikia, kemia na hesabu, na fizikia nilifaulu vizuri tu, nyumbani wakanichinjia kuku. Ila nilivyokuwa nasoma, ukiniuliza saivi nitakwambia ukweli, nilikuwa nasoma pasti pepa. Miaka kumi na tano nyuma, swali na jibu, swali na jibu, mpaka nikiona neno "projektaili" mkono unaandika wenyewe kabla sijamaliza kusoma swali. Ilinifikisha chuo, siwezi kuitukana. Sasa chuo unakutana na mtu anayetunga swali jipya kila mwaka kwa sababu hana kazi nyingine usiku, halafu lekcha moja inameza kitu ambacho advansi mlikisoma wiki tatu, mko watu mia tatu na zaidi ukumbini, waliochelewa wamekaa kwenye ngazi, maiki inakoroma, na Dokta akifika mahali pagumu anasema "hii ni dhahiri" anafuta ubao.

Nikafanya wanachofanya wote, nikatafuta madesa. Nikapata dafu la desa, maswali ya kitabu chote yamesolviwa, kurasa mia mbili na kitu kwenye simu. Basi usiku napiga msuli, nafungua swali, nalisoma, naangalia jibu, naitikia kwa kichwa, eeh sawa, eeh hapo katoa hapa, eeh, napita linalofuata. Maswali thelathini kwa usiku mmoja! Nalala nimeridhika kama niliyelima eka. Na diskashen vilevile, tulikuwa kumi na mbili kwenye vimbweta, jamaa mmoja mkali ndio anasimama na kibao chake anasolvu, sisi kumi na mmoja tunanakili na kusema "daah, kumbe simple". Ni simple kwa sababu anafanya yeye. Hili sikuliona kabisa wakati ule, na nikiwaona madogo wa mwaka wa kwanza wanavyojazana kwenye vile vimbweta saa mbili usiku natamani niende nikawatawanye kwa fimbo.

Na vidio nazo. Mimi sio adui wa YouTube, kuna walimu kule wanafundisha kuliko tuliolipia ada, ila vidio ina ujanja wake, mtu akiwa anaongea unaelewa, akinyamaza unabaki na wewe mwenyewe na karatasi nyeupe. Nilikuwa naziangalia kwa spidi ya moja na nusu nikidhani naokoa mda.

Maabara ndio usiseme. Ile ya pendulamu, unaning'iniza kijiwe kwenye uzi, unakiachia, unahesabu kinaenda na kurudi mara 20, unagawa upate T, mda wa kwenda na kurudi mara moja, unabadilisha urefu wa uzi, mwisho unatafuta g, mchapuko wa kitu kinachoanguka. Jaribio la watoto wa form three. Sisi wanne tukapata g = 10.8. Tukarudia, 10.8. Tukaangaliana. Zimebaki dakika ishirini, afu mwenzetu mmoja akasema kwani tatizo nini, g tunaijua ni 9.8, turudi nyuma tu kutoka kwenye jibu. Tukapika data. Urefu tano tofauti na zote zinatoa 9.80 safi kabisa, grafu imenyooka kama reli.

Teknishani wetu ni mzee mmoja, yupo pale maabara tangu enzi, wanafunzi tunamwita Mjomba. Akaichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaniambia, "Binti, hii mmepika au mmekaanga?" Nikajifanya sijaelewa. Akasema hapa Dar hata hiyo g yenyewe sio 9.80, ni 9.78 hivi, kwa sababu tuko karibu na ikweta na dunia imetuna kidogo katikati na inazunguka, nyie mmeipata 9.80 mara tano mkiwa na stopuwochi ya kubonyeza kwa kidole, basi mpelekwe Ulaya. Afu akasema achia hiyo pendulamu uhesabu kwa sauti nisikie. Nikaachia, nikaanza, "Moja..."

"Simama. Siku uliyozaliwa ulikuwa na mwaka mmoja?"

Nikasema hapana Mjomba.

"Sasa mbona hii umeipa mmoja na haijaenda popote?"

Kumbe ndio hivyo. Unapoachia inatakiwa useme sifuri. Ukisema moja, ukifika ishirini kijiwe kimekwenda na kurudi mara 19 tu, wewe unagawa kwa 20, T inakuwa fupi, na kwa kuwa kwenye fomula ya g unagawa kwa T mraba, g inapanda kwa 20 gawa 19 mara yenyewe, yani karibu asilimia 11. Chukua 9.78 ongeza asilimia 11 uone inafika wapi. 10.8! Ile 10.8 tuliyoionea aibu ilikuwa inatutajia kosa letu kwa jina na sisi tukaiziba mdomo. Mjomba alitupa nusu ya maksi, akasema hiyo nusu ni ya usafi wa grafu.

Hapo ningeamka, si ndio? Sikuamka. Nilicheka, nikawasimulia watu kama kichekesho, nikarudi kwenye madesa yangu.

UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikaja, nikafanya, nikatoka nje najiambia sio mbaya. Mkeka wa matokeo ulipotoka nimekamatwa. Mekaniksi, sapu, yani mtihani wa kurudia. Nikamtext kaka yangu maana nyumbani sikuwa na ubavu, nikaandika "kaka nimepata sup", akajibu "ya kuku au ya ng'ombe?" Nikacheka huku nalia kwenye kitanda cha watu wawili, maana mwaka huo nilikuwa nimebebwa, chumba hakikuwa changu hata. Aliyenibeba anasoma Sosholojia, dada mmoja wa Songea mpole sana, akaniuliza kulikoni nikamwambia ni mafua.

Sasa naomba niseme kitu kuhusu aibu, maana watu wakitoa ushauri wa masomo wanaongelea ratiba na kunywa maji ya kutosha, hawaongelei aibu. Mimi kilichonirudisha nyuma kuliko hesabu ni kwamba swali langu lilikuwa la kijinga na nilijua ni la kijinga. Swali lenyewe ni hili: nimefundishwa toka form one kwamba msuguano unapinga mwendo, sasa inakuwaje kwenye kitu kinachoviringika msuguano ndio unaokizungusha? Utamuuliza nani hilo, chuo kikuu, mbele ya watu mia tatu, na wewe ndio mwalimu mtarajiwa?

Kwetu ni Lushoto, na mtoto yeyote wa sayansi mkoa wa Tanga lazima ameshasikia habari za Erasto Mpemba. 1963, yuko form three pale Magamba, wanatengeneza aiskrimu shuleni, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe ndio unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ikawa inakwisha, yeye akaweka yake ya moto hivyo hivyo, na ikaganda kabla ya ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Wengi kwenye simulizi wanaishia hapo wakidai "unaona, walimu wabaya." Mimi kinachonigusa ni kilichofuata, kwamba yule kijana alienda Mkwawa, Iringa, akaja mgeni, Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar, na Mpemba akasimama akauliza swali lile lile tena, mbele ya wenzake, wakamcheka tena. Osborne akarudi kulipima, na 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe lipo kweli na linatokeaje, hilo mimi halinihusu. Mimi nawaza kusimama mara ya pili. Ya kwanza unaweza kusimama kwa kutojua. Ya pili unajua kabisa watakucheka.

Basi semista ya pili, wiki ya tatu hivi, nikaenda ofisini kwa Dokta. Nimeshazunguka lile jengo mara mbili, nimeshakwenda kunywa soda nikarudi. Nikagonga, shikamoo Dokta, marahaba, nikamtolea ile testi iliyokunjwa mara nne nikamuuliza hii alama ya kuuliza inaniuliza nini.

Akaiangalia. Akasema, "Tembea mpaka mlangoni urudi."

Nikadhani ananifukuza. Nikatembea, nikarudi.

"Nani kakusukuma mbele?"

"Miguu yangu Dokta."

"Miguu yako imesukuma sakafu kwenda nyuma. Nimeuliza nani kakusukuma wewe."

Kimya. Nikasema sakafu.

"Kwa nguvu gani?"

Kimya kirefu zaidi. Akasema, "Ungekuwa umevaa soksi na mtu kamwaga sabuni hapo kwenye taili, ungefika mlangoni?" Hapo ndio nikaona, yani nikaona kwa macho, kwamba msuguano ndio umenisukuma mbele, miaka yote natembea nasukumwa na kitu nilichoambiwa kinanizuia. Msuguano haupingi mwendo wako, unapinga kuteleza kwa vitu viwili vinavyogusana. Mguu unataka kuteleza nyuma, sakafu inakataa, ndio unaenda. Silinda kwenye mteremko, pale inapogusa chini inataka kuteleza kuelekea bondeni, mteremko unakataa, unaivuta kwenda juu, na hiyo ndio inayoizungusha. Akanirudishia karatasi, akasema haya kamalize mwenyewe, halafu swali hili ungekuja nalo wiki ya nne ya semista iliyopita. Hakunicheka. Niliyekuwa namuogopa miezi yote hiyo alikuwa mtu wa kichwani mwangu tu.

Ila bado ile μ ilikuwa haijaniingia. Sawa mshale unaelekea juu, lakini kwa nini sio μN? Hiyo aliyenifundisha ni dada wa Sosholojia, na yeye mwenyewe hajui kama alinifundisha.

Ilikuwa Jumapili, umeme umekatika, simu zote asilimia kumi, hakuna desa wala vidio. Nikamwambia dada ngoja nikuoneshe kitu. Tukatoa ubao mmoja wa chaga za kitanda, wa mita moja na kidogo, tukauegemeza juu ya vitabu viwili. Nikachukua gololi, nikachukua betri lile nene la tochi, na selotepu ya kahawia iliyokwisha, limebaki lile duara la boksi. Nikamwambia naviachia pamoja, kipi kinawahi? Akasema betri, ndio zito. Nikaachia. Gololi kwanza, betri nyuma yake kidogo, selotepu linakuja mwishoni kabisa linajivuta kama mtu aliyeitwa na mwenyekiti wa mtaa. Akasema rudia. Tukarudia kama mara nane, akabadilisha akaleta gololi ndogo zaidi, akaleta betri jembamba la rimoti, wapi, mpangilio ni ule ule. Uzito haubadilishi, ukubwa haubadilishi. Nikamweleza kwamba selotepu mwili wake wote uko pembeni mbali na katikati, kwa hiyo kulizungusha ni kazi zaidi, linatumia nguvu nyingi kuzunguka na linabakiwa na chache za kwenda. Gololi mwili umejaa mpaka katikati. Ukipiga hesabu gololi inachukua 5/7 ya ile akselerasheni ambayo kingekuwa nayo kitu kinachoteleza bila msuguano, silinda 2/3, duara tupu nusu. Gololi ikifika mwisho wa mita moja, betri liko kama sentimita 7 nyuma, selotepu sentimita 30. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa macho, juu ya chaga.

Sasa akaniuliza, na huo msuguano unakuwa kiasi gani? Nikaanza, "ni myu mara..." nikajikwaa. Kwa sababu nilikuwa naeleza kwa Kiswahili sikuwa na ile sentensi ya desa ya kuitegemea, ikabidi nifikirie ninachosema. Nikasema hapana, unakuwa kiasi kile kinachohitajika ili kisiteleze. Myu N ni mwisho wake, ikizidi hapo kinateleza. Akasema, akiwa anatafuta gololi chini ya kitanda wala haniangalii, "Aah, kwa hiyo hiyo myu N yako ni siti za daladala, sio abiria."

Jamani.

Nilichukua karatasi pale pale kwa mwanga wa dirishani. Silinda ya kilo 3, nyuzi 30. Msuguano unaohitajika kuizungusha bila kuteleza ni theluthi ya mg saini theta, nyutoni 4.9. Mwisho wa msuguano, μN, ni nyutoni 10.2 hivi. Siti kumi, abiria watano! Na mimi kwenye testi nilijaza siti zote kwa sababu tu nilioneshwa idadi yake. Ile 0.4 iliwekwa pale uhakikishe kwamba kweli haitelezi, baada ya hapo unaiweka pembeni unaendelea na kazi. Nikatoa 4.9 kutoka kwenye 14.7, nikagawa kwa 3, 3.27. Sikupiga mstari chini yake.

Toka siku hiyo nikabadilisha namna ya kusoma, na nitasema kama ilivyokuwa, sio kwamba nilipata nuru, nilikuwa naogopa sapu ya Septemba. Nilitoka kwenye lile diskashen la watu kumi na mbili, tukabaki watatu. Sheria yetu ilikuwa moja, anayeeleza haruhusiwi kushika kalamu na anaeleza kwa Kiswahili. Majina ya Kiingereza ruksa, toki (ile nguvu ya kuzungusha) sema toki, momenti ya inesha sema hivyo hivyo, lakini sababu iwe ya Kiswahili. Wengine watakuja juu kwamba mtihani ni wa Kiingereza, najua, na nimeufanya kwa Kiingereza. Ila mimi darasa la saba nilimaliza kwa Kiswahili, nilijua kani na mchapuko na msuguano nikiwa na miaka kumi na tatu, afu form one nikapewa majina mapya na nikadhani nimepewa vitu vipya. Kwa Kiingereza naweza kusema sentensi sahihi kabisa ya fizikia bila kuelewa neno. Kwa Kiswahili nikidanganya najisikia.

Kitu kingine, daftari dogo la kukwama. Nikichukua swali naweka alamu ya nusu saa, desa marufuku mpaka ilie, na ikilia kabla sijaangalia jibu naandika "nimekwama hapa kwa sababu..." na sentensi lazima iishe. Mwanzoni nilikuwa naandika "kwa sababu sielewi". Ukurasa mzima, kwa sababu sielewi, kwa sababu sielewi, kama mtoto aliyepewa adhabu. Baada ya kama wiki mbili nikajikatalia hilo jibu. Zikaanza kutoka sentensi za maana, ipo moja bado naipenda, "nimekwama kwa sababu sijui toki niipime kutoka katikati ya silinda au pale inapogusa chini". Na nilipoiandika nikaona si nijaribu zote mbili. Jibu lile lile! Tena ukipimia pale inapogusa chini msuguano unapotea kabisa kwenye hesabu kwa sababu unapita hapo hapo, huhitaji hata kuujua. Hakuna desa lililowahi kuniambia hivyo. Au liliniambia na mimi nikaitikia kwa kichwa nikapita.

Idadi ya maswali ilishuka vibaya, kutoka thelathini kwa usiku mpaka matatu, siku mbaya moja. Hii inatisha, hasa ukiwasikia wenzako wamemaliza chapta. Ukweli mimi silabasi yote sikuimaliza kwa njia hii, mada mbili za mwisho nilisoma juujuu na ilionekana kwenye mtihani.

Na sio kila mtu alibaki. Katika wale watatu mmoja wetu alihamia kozi ya takwimu mwaka wa pili, akasema yeye hesabu anazipenda, hizi gololi hazimhusu, na leo ana GPA inayonizidi na analala saa nne usiku. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanageuza fizikia kuwa jeshi, ukiondoka wewe msaliti. Hamna kitu kama hicho.

Septemba nikafanya sapu. Lilikuja swali la puli yenye uzito, kamba imezungushiwa, kimeninginia kijiwe, na mchoro wa mishale nilichora kwanza kabla ya kuandika hata herufi moja, mvutano wa kamba sikuuandika mg, nikauacha T mpaka hesabu iseme yenyewe. Nikapita. Kwetu ukipita kwa sapu hata ungepata mia unaandikiwa C, kwa hiyo ile C ipo kwenye transkripti na itakuwepo hata siku nikizeeka. Mwaka wa pili umeme na sumaku niliingia na daftari langu la kukwama toka wiki ya kwanza na nikapata B. Sio A. Mle nako nilianza kutumia sheria ya Gauss, ile ya kupata uga wa umeme kirahisi kwenye umbo lenye ulinganifu, kila ninapoona chaji, hata pale umbo halina ulinganifu wowote, ugonjwa ule ule wa kuona siti na kudhani ni abiria, ila safari hii niliukamata kwenye wiki ya tano na sio mwezi wa tano.

Sababu ya kuandika haya yote leo ni kwamba juzi usiku mtoto wa mama mdogo, kaanza chuo mwaka huu, mbali na hapa, kanitumia meseji, "Shikamoo dada. Nimepata 8 kwenye 30 testi one fizikia. Nadhani sio fani yangu, usimwambie mama." Nikaandika ujumbe mrefu wa kumtia moyo, nikausoma, nikaufuta wote. Nikamwandikia nitumie picha, sio ya maksi, ya swali lililokushinda pamoja na kazi yako.

Picha ikaja imepigwa upande, gizani, kidole kimeingia. Tufe linaviringika kwenye mteremko bila kuteleza, wamempa μ. Na chini yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, f = μN, N ni mg kosaini theta, na jibu lake limepigiwa mistari miwili. Nikaikuza ile picha kwa vidole niangalie vizuri. Kwa rula.

Nikampigia hapo hapo, saa tano usiku. Kabla hajasema kitu nikamuuliza humo chumbani kwenu nani ana selotepu iliyokwisha.